Figo Alizoniletea

Mume wangu alikuwa na bucha na jiko la nyama choma mtaa wa Kwa Mrombo, na sidhani kama kuna mwanamke Arusha nzima aliyekula figo za mbuzi kunizidi mimi. Kwenye msiba wake watu walimsifu kwa mengi. Walitaja mizani yake isiyodanganya, sauti yake ya besi kwenye kwaya, na namna alivyokuwa akiwagawia mbwa wa mtaa mabaki kana kwamba na wao ni wateja. Hakuna aliyetaja figo, maana hawakujua zilikuwa za nini. Nilikaa kwenye mkeka na khanga yangu kichwani nikiwasikiliza, nikasema moyoni kwamba hili nitaliandika mimi mwenyewe.

Elimu yangu ni darasa la saba. Mambo ya kidaktari nitayaeleza kama nilivyoelezwa, na ambalo sikulielewa nitasema sikulielewa.

Alipokuwa kijana alikuwa mtu wa kiwanda cha redio. Ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, viwanda vya umma vikaanza kupunguza watu, na yeye akapunguzwa. Wenzake wengi walikaa majumbani wakisubiri kuitwa tena. Yeye alisema, "Watu wanaweza kuacha kununua redio. Lakini mtu wa Arusha umwambie aache nyama?" Akajenga kibanda cha mbao, akatafuta mizani na gogo la kukatia, akakata pipa nusu likawa jiko. Tulipanga vyumba viwili Elerai. Mimi nilikuwa nauza mitumba ya watoto sokoni, na nikipata kisweta kizuri cha mtoto mchanga nilikuwa nakificha chini ya furushi, nisikiuze. Tulikuwa tumepoteza mimba kabla ya hapo, na hatukuwa tunazungumzia watoto kwa sauti.

Mimba iliyofuata ilifika mbali, lakini damu yangu ilikuwa kidogo. Muuguzi wa kliniki alikuwa akinivuta kope ya chini na kuguna. "Mama, humu ndani kweupe kama unga wa sembe." Nilimeza vidonge vya damu kama nilivyoagizwa. Mimba ilipofika mwezi wa saba homa ya malaria ikanishika, na mtoto hakusubiri.

Alizaliwa wa kike, njiti, na hakulia. Nilimwona akipitishwa mbele yangu, rangi yake kama ya zambarau, miguu imelegea. Walimpangusa, wakamsugua mgongo, wakampulizia hewa, na mimi nikawa nasikia vyombo tu. Kisha ikaja sauti ndogo, kama paka aliyefungiwa kabatini. Mume wangu aliporuhusiwa kuingia alimtazama muda mrefu, akasema, "Ni kama sungura aliyechunwa." Halafu akaona haya kwa kumfananisha mtoto wake na kitoweo, akatazama dirishani.

Muuguzi mkubwa alituambia, "Kukua atakua. Ila kichwa tutakiangalia." Nilimwomba anieleze. Akasema mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, tena akachelewa kuvuta pumzi, ubongo wake unaweza kuumia. Anaweza kuchelewa kukaza shingo, kukaa, kutembea, au kusema. Anaweza pia asiumie kabisa. "Sasa tutajuaje?" mume wangu akauliza. Akajibu, "Kwa kusubiri, baba."

Nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya khanga. Alipoongezeka uzito tukarudi naye Elerai. Lakini baada ya wiki kadhaa niliona viganja vyake vimepauka, na midomo pia. Alikuwa ananyonya kidogo, anachoka, analala. Nikaogopa.

Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini wakati ule. Tukampeleka kwenye moja yenye daktari wa watoto, mama wa makamo aliyekuwa akivua saa yake kabla ya kumshika mtoto. Alimpima, akamtazama, akatuambia hajaona sababu ya kukimbilia kumwongezea damu.

"Niwaeleze," alisema. "Damu haitokani na damu. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Lakini uboho haufanyi kazi mpaka uambiwe. Kuna kichocheo kinachoupelekea habari kwamba damu imepungua, tengeneza. Kwangu mimi na kwenu nyinyi kichocheo hicho kinatoka kwenye figo. Kwa mtoto aliye tumboni kinatoka zaidi kwenye ini. Huyu ametoka kabla figo zake hazijapokea hiyo kazi, na ini lake ni zito kidogo kusikia. Ndiyo maana damu imeshuka. Wengi hupanda wenyewe. Tutamwangalia."

Mume wangu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekutwa shambani kwa watu. "Na kichwa, daktari?"

Daktari alimfunika mtoto. "Kichwa siwezi kukuahidi. Ila nitakwambia jambo moja ambalo wanaochunguza wanaliona siku hizi. Kichocheo hicho hicho wamekikuta kwenye ubongo wa watoto walio tumboni. Kule hakitengenezi damu. Inaonekana kinasaidia chembe za ubongo na mishipa ya fahamu zikue, na zikikosa hewa zisife haraka. Bado wanajifunza, na mimi bado najifunza."

Mimi nilichoshika hapo ni kwamba mtoto ana kitu cha kumlinda. Mume wangu alishika neno moja tu, nalo ni figo.

Kesho yake jioni alirudi na kifuko cha karatasi kimelowa. Akanichomea figo mwenyewe kwenye jiko la mkaa, akiwa amezitunga kwenye waya. "Kula," alisema. "Ukila wewe, itaingia kwenye maziwa. Ikiingia kwenye maziwa, itapanda kichwani kwake." Alilisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda kwenye mnada wa mifugo. Mimi niliamini. Sitaki kujifanya sikuamini. Tulikuwa watu wawili tulioambiwa tusubiri, na yeye alikuwa amepata kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Sasa, pale jikoni Kwa Mrombo figo zilikuwa na wenyewe. Aliyechinja na anayechoma ndio walioonja kwanza, zikiwa bado zinachuruzika, na zikibaki ni za mteja aliyewahi. Hakuna aliyezipeleka nyumbani. Kwa wanaume wale, kupeleka figo nyumbani kulikuwa kama kutoa sadaka na kuirudisha mfukoni. Jioni mume wangu alikuwa ananisimulia wanavyomchokoza, akiiga sauti zao.

"Mzee, mbuzi wa siku hizi wanaumbwa bila figo?"

"Wanazo. Zinashukia mnadani, hazipendi mji."

"Acha hizo! Tumesikia unajifungia ndani unazila peke yako."

"Sizili peke yangu. Nazila na mke wangu, sebuleni. Wewe una sebule?"

Hata sisi hatukuwa na sebule. Tulikuwa na chumba cha kulala na chumba cha vitu vyote vilivyobaki. Lakini nilifurahi kusikia kwamba ninayo.

Tatizo lilikuja na mama mkwe. Alipanda kutoka Kikwe, kijijini kwao Umeru, kuja kumwona mjukuu, na mkungu wa ndizi, maharage, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikamwamkia, akaitikia, akamshika mtoto, akamnusa utosini kama afanyavyo. Halafu akaona sahani yangu mezani.

"Hiki nini?"

"Figo, mama."

"Za nani?"

"Zangu."

Akamgeukia mwanawe. "Baba yako alikula figo maisha yake yote, na mimi niliyemfulia mashuka sijawahi kujua kama zina chumvi au zina sukari. Leo mwanamke anaandaliwa mezani, na sahani! Umeoa mke au umeoa chui?"

"Mama, hii ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kichwa cha mtoto."

"Kichwa kina nini?"

Hatukuwa tumemwambia. Ikabidi mume wangu aeleze yote, kutolia, ile rangi ya zambarau, kusubiri, kichocheo, figo, ini. Alieleza kwa Kimeru, na mimi wa Kilimanjaro nilifuata vizuri tu, maana maneno yetu ni ndugu. Mama mkwe alisikiliza huku akimtazama mtoto usoni. Mwanawe alipomaliza, yule mama alimweka mjukuu mapajani mwangu, akakunja mikono ya gauni, akachukua kisu.

"Basi kama ni dawa mnaipika vibaya. Utamuua mzazi wa watu kwa harufu ya mkojo."

Akazipasua figo katikati, akatoa ule utando na mshipa mweupe wa ndani, akaziosha kwa ndimu na chumvi, akazikatakata ndogo, akazitia kwenye mtori, supu nzito ya zile ndizi alizokuja nazo. Nilikuwa nimezila kwa kujilazimisha, nikiziba pumzi. Mtori ule niliomba niongezwe. Baadaye nilimkuta jikoni peke yake akilamba mwiko. Hakushtuka. "Kumbe hakuna cha ajabu," alisema. "Walitunyima bure."

Tuliporudi kwa daktari, mtoto alikuwa amepata rangi. Daktari akafurahi, akaniuliza ninakula nini. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, "Figo." Akaeleza mpango wote, mpaka mtori. Alikuwa anangoja sifa.

Daktari hakumcheka, na kwa hilo nimemshukuru mpaka leo. Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Baba, kichocheo kile kikiliwa kinasagwa tumboni kama nyama nyingine yoyote. Hakifiki kwenye maziwa kikiwa kichocheo. Hata mama alipokuwa na mimba, cha kwake mwenyewe hakikuvuka kwenda kwa mtoto. Mtoto anajitengenezea chake, mwilini mwake, na kwenye ubongo wake."

"Kwa hiyo nimefanya kazi bure."

"Si bure. Mama alikuwa hana damu. Figo zina madini ya chuma. Zimemsaidia yeye."

Tulitoka. Alimbeba mtoto njia nzima. Nilidhani ndio mwisho wa figo, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kuzipenda. Kesho yake jioni akaja na kifuko kimelowa.

"Daktari si ameshasema?" nikamuuliza.

"Amesema si bure."

"Lakini amesema hazifiki kwa mtoto."

"Zinafika kwako," alisema, akianza kupuliza mkaa. "Kwani wewe siyo mtu?"

Kwa muda wote niliokaa naye, hilo ndilo tamko la mapenzi ninalolikumbuka kuliko mengine.

Tulisubiri kama tulivyoambiwa. Watoto wa majirani waliozaliwa wakati mmoja na wetu walikaa, wakatambaa, wakasimama dede. Wetu alikuwa bado. Shingo ilichelewa. Kukaa kulichelewa. Mkono wa kulia alikuwa anaukunja ngumi, na daktari alituonyesha namna ya kuufungua kidole kimoja kimoja, kwa upole, kila siku. Mume wangu alimfanyia zoezi hilo baada ya kazi, kwa mikono iliyonuka moshi, akimwimbia sehemu za besi za nyimbo za kwaya, ambazo bila sauti nyingine zinasikika kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mtoto alimtazama mdomo. Nilijua anaona na anasikia. Sikujua anaelewa nini. Jirani mmoja aliniuliza, "Na huyu, mbona kama amepoa?" Nilimjibu kwamba amelala. Alikuwa hajalala.

Alipoanza kutembea alikuwa mkubwa, na mguu wa kulia ulikuwa unakokota kidogo. Unakokota mpaka leo. Maneno yalikuwa hayajaja. Nilikuwa nampitisha buchani mchana nikitoka sokoni, na baba yake anamsimamisha kwenye gogo la kukatia, upande usio na visu, ajishikilie. Siku moja ya Jumamosi watu walikuwa wengi, moshi umetanda, na mteja mmoja mwenye njaa alikuwa anauliza kila mara, "Jamani, nyama tayari?" Mume wangu alikuwa amejibu "Bado!" mpaka amechoka, safari hii akanyamaza. Mteja akauliza tena.

"Bado!" akasema mtoto.

Alisema vilevile kama baba yake, kwa ukali ule ule wa mwenye jiko, wala hakumtazama mteja.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mzee, umeajiri meneja!" Mteja mwenyewe akasema, "Shikamoo bosi, nasubiri." Mimi nilikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakuwa ameiga tu sauti. Alikuwa ameelewa swali, akajua jibu lake, akalileta kwa wakati wake. Nilimtazama mume wangu. Alichukua waya, akatunga figo zote za siku hiyo, akazichoma, akazinyunyizia chumvi na pilipili, akawagawia wateja bila kusema ni za nini. Ndiyo siku pekee niliyokosa.

Miaka ilikwenda. Binti alisoma, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani. Anaandika na kukata kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una uzito. Baba yake alipoanza kuchoka, yeye ndiye aliyeshika kisu. Wateja wapya hudhani ni mashoto wa kuzaliwa.

Kuchoka kule kwa mume wangu, kumbe, zilikuwa figo. Shinikizo la damu lilikuwa limezila polepole bila yeye kujua. Alianza kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Alipauka, viganja vyake vikawa kama vya yule mtoto wa Elerai. Siku moja muuguzi kijana alikuja na sindano ndogo, nikamuuliza ni ya nini. "Hii ni kichocheo cha damu, mama. Figo za mzee haziwezi kukitengeneza tena, kwa hiyo tunamchoma cha dukani."

Mume wangu aliyekuwa amefumba macho aliyafumbua. Tukatazamana.

"Mama," aliniita, "zile figo zote nilizokulisha. Ningejiwekea hata mbili."

Alicheka mpaka muuguzi akamwambia asitikise mkono. Nilimuuliza daktari wa pale juu ya ubongo wa watoto, kama yale tuliyoambiwa zamani yalikuwa ya kweli. Akasema ndiyo, kimo kwenye ubongo unaokua. Wamejaribu hata kuwachoma njiti sindano zake ili kulinda akili zao, na majibu hayakuwa kama walivyotumaini. Akasema ubongo wa mtoto una mambo mengi kuliko kitu kimoja. Nilishukuru kwa kuambiwa ukweli.

Hakukaa sana baada ya hapo.

Siku ya kuanua matanga tulichinja mbuzi nyumbani. Mama mkwe, ambaye sasa hatoki kitandani, alituma ndizi kutoka Kikwe. Binti yangu ndiye aliyepasua mbuzi, kwa mkono wake wa kushoto, na wa kulia ukishikilia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikimwangalia. Wanaume walisogea kwenye jiko kama desturi. Yeye akatoa figo, akazipasua katikati, akatoa utando na mshipa, akaziosha kwa ndimu. Hakuna niliyemwona akimfundisha hivyo. Pengine aliona tu, miaka yote ile, toka akiwa haongei.

Akachoma, akaja nazo kwenye sahani.

"Zako, Mama."

Nikala kipande kimoja. Ndipo akachuchumaa karibu yangu, mguu ule ameuelekeza pembeni, akauliza jambo ambalo naona alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Baba alikuwa ananiambia hiki kichwa changu mlikijenga kwa figo. Kwamba bila figo ningekuwa sijui hata jina langu. Ni kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa siku ya kusema mazuri ya marehemu, na wanaume walikuwa wametega masikio. Lakini baba yake alikuwa mtu wa mizani.

"Si kweli," nilimwambia. "Zile za mbuzi hazikukufikia hata kidogo. Kichocheo ulikuwa unajitengenezea mwenyewe, humo humo kichwani, wakati sisi tunaogopa. Hatukukupa. Hatukujua hata kama unacho."

Alifikiri. "Sasa figo zilikuwa za nini?"

"Zilikuwa zangu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali uzito alioonyeshwa. Mmoja wa wageni akaita kutoka jikoni, "Dada, nyama tayari?"

"Bado!" akajibu bila kugeuka. Kisha akachukua kipande kilichobaki kwenye sahani yangu, akakila.